Kikao cha kamati ya shule kinachozaa kitu: mwongozo kamili kuanzia barua ya mwaliko mpaka ubao wa matangazo

Kila baada ya uchaguzi wa kamati napigiwa simu na watu waliochaguliwa juzi tu. Mtu alienda mkutano wa wazazi kusikiliza matokeo ya mwanae, akarudi nyumbani ni mwenyekiti wa kamati ya shule, hana karatasi hata moja mkononi, na wiki mbili baadae anaitwa kusaini muhtasari. Mimi nimekaa kamati ya shule ya msingi miaka sita, mitatu mjumbe wa kawaida mitatu mwenyekiti, halafu nikaingia bodi ya sekondari ya kata, kwa hiyo ninayoandika hapa ni yale tuliyofanya yakafanya kazi na mengine tuliyajua baada ya kuumia. Naongelea Tanzania Bara, ndiko nilikokaa vikao.

Kwanza jua kiti ulichokalia

Sheria ya Elimu ya 1978 ndiyo iliyoweka hivi vyombo, shule ya msingi ina kamati ya shule na sekondari ina bodi ya shule. Ndani yake mna wazazi, mna mwakilishi wa walimu, mna mtu wa serikali ya kijiji au mtaa, na katibu ni mwalimu mkuu, kwa sekondari ni mkuu wa shule. Hapo kwa katibu naomba usimame kidogo. Maana yake ni kwamba anayeandaa ajenda, anayeandika muhtasari na anayetumia hela za shule ni mtu mmoja. Sio kosa lake, ndivyo ilivyopangwa, na walimu wakuu wengi niliofanya nao kazi ni waaminifu wanaojitolea kuliko wanavyolipwa, ila ndio maana mjumbe akija kikaoni hajasoma kitu basi kikao kizima kinakuwa mtu mmoja anatoa taarifa ya kazi yake mwenyewe halafu wengine wanaitikia ndiyoo na kunywa soda.

Kwa hiyo mambo mawili ndio yanabeba mwongozo huu wote. Karatasi ziwafikie wajumbe mapema, na kila azimio liandikwe na jina la mtu, tarehe na kiasi cha hela. Hayo mawili yakishika mengine mengi yanakaa sawa.

Halafu jua mpaka. Kamati inasimamia, haiendeshi shule. Kuingia darasani na kumfokea mwalimu mbele ya watoto sababu wewe ni mjumbe, hapana. Ratiba ya vipindi, nani afundishe darasa la nne, hayo ni ya mwalimu mkuu. Mwalimu mwenye kosa la kinidhamu ana mamlaka yake, ipo Tume ya Utumishi wa Walimu, kamati inaandika ilichokiona na kukipeleka kwa utaratibu, haimhukumu mtu chini ya mwembe. Lakini hela ya shule, majengo, mahudhurio, chakula, usalama wa watoto, hapo uliza mpaka uelewe, na mtu asikwambie hayakuhusu.

Siku 14 kabla: mwenyekiti na katibu wakae

Hiki kikao kidogo cha watu wawili ndicho kinachookoa kikao kikubwa. Nusu saa tu ofisini kwa mwalimu mkuu, mnaandika ajenda pamoja, sio yeye akutumie iliyokwisha. Nenda na muhtasari wa kikao kilichopita, pitia maazimio moja moja, lipi limefanyika lipi bado, na lile ambalo bado liwe ajenda. Pia ndio wakati wa kumwambia mwalimu mkuu jambo gumu kabla halijamwangukia mbele za watu, mfano "Mwalimu, wazazi wanaulizia hela ya mitihani, naomba uje na vocha zake za malipo." Mtu akijua mapema anakuja na majibu, akishtukizwa anakuja na hasira, na kikao chenye hasira hakiamui kitu.

Chagueni siku kwa akili. Siku ya gulio hupati mtu, Ijumaa mchana watu wako msikitini, msimu wa kupalilia akina mama wako shambani mpaka jua likolee. Sisi tulikuwa tunaweka saa nane mchana Jumatano na mahudhurio yalipanda sana kuliko ile saa tatu asubuhi ya zamani ambayo iliwafaa walimu peke yao. Kwa idadi ya vikao tulikaa kila robo mwaka, sababu taarifa za fedha nazo zinafungwa kwa robo, na kumbuka mwaka wa masomo unaanza Januari ila mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo mpango wa bajeti ya shule usiusubirie Juni, mwishoni mwa mwaka unaotangulia muwe mmeshaujadili ili uingizwe kwenye mfumo pamoja na wa halmashauri.

Siku 7 kabla: mwaliko na kabrasha

Barua ya mwaliko iseme siku, saa, mahali, ajenda, na iambatane na kabrasha. Kabrasha sio kitu kikubwa, ni karatasi nne tano: muhtasari wa kikao kilichopita, taarifa ya mapato na matumizi, taarifa ya taaluma na mahudhurio, na kama kuna ujenzi basi taarifa ya ujenzi. Mwenye simu janja mpigie picha umtumie kwenye grupu la WhatsApp la kamati, asiye nayo apelekewe fotokopi na mtoto anayesoma hapo. Wajumbe wasiosoma vizuri, na wapo, na mara nyingi ndio wenye busara kuliko sisi, mwenyekiti awapitie awasomee. Mzee mmoja wa kamati yetu hakuwahi kushika kalamu ila ukimsomea idadi ya mifuko ya saruji anakwambia palepale jengo lile halijala mifuko hiyo, na alikuwa sahihi.

Kanuni tuliyojiwekea: ajenda ya hela ambayo karatasi yake haijaja siku saba kabla, haiamuliwi siku hiyo. Inasomwa, inajadiliwa, uamuzi kikao kijacho. Mara ya kwanza tulionekana wasumbufu, mara ya tatu karatasi zikawa zinafika zenyewe.

Ajenda yenyewe

Mpangilio unajulikana, kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo (yaani yale yaliyotokana na muhtasari huo), taarifa mbalimbali, mengineyo, kufunga. Shida ni muda unavyogawanywa. Vikao vingi vinamaliza saa nzima kwenye kufungua na kusoma muhtasari neno kwa neno, halafu hela inakuja watu wameshachoka wanaangalia jua. Muhtasari kama watu walishatumiwa usisomwe wote, pitieni ukurasa kwa ukurasa, mwenye marekebisho aseme, uthibitishwe. Hela iwe baada ya yatokanayo tu, watu bado wana nguvu. Andika dakika pembeni ya kila ajenda, mfano yatokanayo 20, fedha 40, taaluma 30, chakula 15.

Na tahadhari na mengineyo. Hapo ndipo pa kupitishia mambo yaliyofichwa, mtu anasubiri saa kumi na moja jioni wajumbe watatu wameshaondoka ndio anasema "mwenyekiti kuna kajambo kadogo ka mchango wa elfu tano kila mzazi". Mengineyo iwe ya matangazo tu, na anayetaka kusema kitu huko akitaje mwanzoni wakati wa kuthibitisha ajenda.

Kufungua na kuongoza mjadala

Anza kwa kuhesabu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kikao kiamue, na iandikwe. Sisi tulishika zaidi ya nusu ya wajumbe wote, pungufu ya hapo tunaongea ila hatuazimii. Halafu swali moja ambalo vikao vingi havina: kuna mjumbe yeyote mwenye maslahi kwenye ajenda ya leo? Kama una duka la hadiweya na leo tunajadili mabati, sema, na ikifika ajenda hiyo toka nje kidogo, iandikwe umetoka. Haimaanishi wewe mwizi, inakulinda wewe mwenyewe maana mtaani maneno hayakosi.

Mwenyekiti sio msemaji mkuu. Kazi yako ni kusikia watu wote wamesema, na kwa uzoefu wangu usipofanya makusudi wataongea watu watatu walewale, yule mstaafu, yule mwenye cheo cha chama, na mwalimu. Mimi nilikuwa naanza na waliokaa nyuma, "Mama Zawadi, wewe una watoto wawili hapa, hili la uji unalionaje?", na nilijifunza akina mama wanajua nani anakula na nani anarudi na njaa kuliko taarifa yoyote iliyochapwa. Mtu akirefusha, mshukuru umkate kwa heshima, "Mzee wangu nimekupata, naomba tumsikie na mwingine halafu tutarudi kwako." Watu wawili wakianza kurushiana maneno simamisha, rudia hoja kwa maneno yako, uliza kila mmoja anapendekeza nini kifanyike.

Kabla ya kuamua, soma azimio kwa sauti kama litakavyoandikwa. Usikubali "tumeafikiana jamani?" halafu ndiyoo. Watu wanaitikia vitu tofauti.

Ajenda ya fedha, hapa nenda polepole

Tangu Januari 2016 elimu ilipokuwa bila ada, ruzuku ya uendeshaji inaingia moja kwa moja akaunti ya shule. Kwa shule ya msingi hesabu ya mpango ni sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 inakuja shuleni na 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Chukua kalamu. Shule ya watoto 600 mara 6,000 ni 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Mjumbe yeyote anayejua kuzidisha anaweza kukagua kilichoingia kinafanana na hesabu ya watoto au hapana, na kama ni pungufu swali ni dogo: idadi iliyopelekwa halmashauri ni ipi, na rejista inasema wangapi?

Halafu dai vitu vitatu vikae mezani pamoja, taarifa ya katibu, steitimenti ya benki, na faili la vocha na risiti. Taarifa peke yake sio ushahidi. Fanya hesabu ya mstari mmoja mbele ya wote, mfano bakaa ya mwanzo 412,000, imeingia 900,000 ya miezi mitatu, jumla 1,312,000, imetumika 1,045,000, benki iwe na 267,000. Steitimenti ikionyesha 267,000 mmeenda vizuri, ikionyesha kitu kingine hamtoki kwenye ajenda hiyo mpaka tofauti ielezwe na maelezo yaandikwe. Baada ya hapo chagua vocha tatu bila mpangilio, angalia risiti, angalia tarehe, uliza kitu chenyewe kiko wapi, na kama ni kufuli au ndoo ya rangi mkaitazame. Na tangu vituo, shule zikiwemo, vianze kuingiza hesabu kwenye FFARS, mfumo wa serikali wa kompyuta wa hesabu za vituo, mwaka 2017, ile ya "bado nakokotoa kwenye daftari" inazidi kukosa nguvu.

Kitu ambacho kinaua shule nyingi kimya kimya ni fedha mbichi. Mzazi analeta mchango taslimu, mwalimu anapokea, siku hiyohiyo chaki zimeisha anatuma mtu dukani kwa hela hiyo, nia nzuri kabisa, ila hela haijapita benki wala haina stakabadhi, mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kusema ziliingia ngapi. Pitisheni azimio mara moja na msilegeze: kila shilingi ina stakabadhi, inaenda benki, ndio inatumika.

Michango sasa. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 na matamko yaliyofuata yanasimama pamoja kwenye jambo hili, mchango ni hiari na mtoto harudishwi nyumbani sababu mzazi hajachanga. Kamati ndiyo itakayoulizwa ikitokea. Mkipitisha mchango wa chakula kwa mfano, pitisheni kwenye mkutano wa wazazi sio chumbani, na njooni na hesabu inayoeleweka. Watoto 600, unga gramu 50 kila mmoja, ni kilo 30 kwa siku, siku za masomo 194 kwa mwaka, jumla kilo 5,820, kama magunia 58 ya kilo mia. Mzazi akiona hesabu hiyo anajua debe lake linaenda wapi, hata asiye na hela anasema nitaleta kuni.

Na posho. Kamati ni kujitolea, ruzuku ya watoto isilipe nauli za wajumbe, chai na andazi inatosha na hata hiyo iandikwe imetoka wapi. Nasema hivi najua kuna watakaokasirika.

Ikija hela ya ujenzi

Mwishoni mwa 2021 hela za UVIKO-19 zilipokuja, madarasa 15,000 nchi nzima kwa milioni 20 kila moja, kamati na bodi nyingi zilijikuta zinasimamia mamilioni kwa mara ya kwanza kwa mtindo wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi badala ya mkandarasi. Utaratibu unataka kamati ndogo tofauti, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na siri iko kwenye neno tofauti. Aliyenunua asipokee. Anayepokea ahesabu mifuko ikiwa bado kwenye gari, asaini, ndipo lori liondoke.

Niseme tulivyoumia. Mwaka wangu wa kwanza mjumbe, shule yetu ilipata hela ya matundu ya vyoo, tukapitisha matundu manne, muhtasari ukaandikwa "kikao kiliridhia ujenzi wa vyoo", basi, hakuna idadi hakuna kiasi hakuna jina. Yakajengwa mawili. Tulipouliza, karatasi ilisema vyoo na vyoo vilikuwepo. Nilisaini karatasi ile kwa mkono wangu bila kusoma na watoto wa kike ndio waliokuwa wanapanga foleni mapumziko yakaisha. Tangu siku hiyo sisaini kitu kisicho na namba.

Taaluma, nidhamu na watoto wenyewe

Hapa wajumbe wengi wananyamaza wakidhani ni ya walimu. Usiulize kwa nini shule imekuwa ya mwisho kata, uliza vitu vinavyohesabika: walioandikishwa wangapi na wanaokuja kila siku wangapi, darasa la pili wangapi hawajui kusoma, nani anawafuatilia watoro na wamefika nyumba ngapi. Kwenye nidhamu ombeni kitabu cha adhabu. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu na viandikwe, kwa hiyo kitabu kikiwa kitupu na watoto wanarudi na alama kuna la kujadili. Kwa bodi za sekondari, ulizieni kila robo waliorudi shuleni chini ya Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, wasichana waliojifungua na wengine waliokatisha, wamerudi wangapi na wanapokelewaje. Bila kuulizwa hawahesabiwi.

Muhtasari

Unaandikwa na katibu lakini ni wa kikao. Ukiweza, mjumbe mwingine aandike maazimio kwenye kaunta buku yake sambamba, mwisho mnalinganisha. Azimio baya ni hili: "Madawati yashughulikiwe." Azimio zuri: "Mwalimu wa vifaa alete bei za mafundi watatu wa madawati 20 kwa mwenyekiti kabla ya tarehe 15 Machi, gharama isizidi 1,600,000 kutoka akaunti ya michango." Unaona, kikao kijacho hakuna mjadala, ni kuuliza zimekuja au hazijaja. Waliopinga nao waandikwe wakitaka. Rasimu itoke ndani ya siku saba wakati watu bado wanakumbuka, kurasa zipewe namba, mwenyekiti asaini kila ukurasa sio wa mwisho tu, sababu kurasa za katikati zinabadilishika.

Mwenyekiti na mwalimu mkuu wakikosana

Inatokea. Anza kwa kukaa wawili, halafu na mjumbe mmoja mnayemheshimu wote. Ikishindikana nenda kwa Afisa Elimu Kata kwa barua yenye tarehe na maazimio ambayo hayakutekelezwa, sio kwa maneno ya "huyu mwalimu ana dharau", na asipojibu ndipo nakala iende kwa Afisa Elimu wa wilaya. Usiende redioni kwanza, usiposti grupu la wazazi kwanza, shule ikigawanyika makundi mawili watoto ndio wanabaki bila uji.

Baada ya kikao

Ndani ya wiki mbili bandika kwenye ubao wa matangazo karatasi moja, kilichoingia, kilichotumika, bakaa, na maazimio matano makubwa, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuziona. Ubao uwe nje pale wazazi wanapopita, sio ndani ya ofisi. Mwenyekiti mpigie simu kila aliyepewa kazi katikati ya robo, dakika mbili tu. Na muda wenu ukiisha kabidhini kwa orodha, kaunta buku za mihutasari, nakala za steitimenti, maazimio yaliyobaki, funguo za stoo, mpya asaini kapokea na wa zamani asaini kakabidhi, mwalimu mkuu awe shahidi, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji.